Mama wa Njiti Si Mgeni

Katika hospitali nyingi nilizowahi kuingia hapa nchini, wodi ya watoto waliozaliwa kabla ya siku ina mlango wake, na juu ya mlango huo pana tangazo kwamba asiyehusika haruhusiwi kupita. Sina ugomvi na tangazo. Ugomvi wangu ni juu ya hesabu ya hao wasiohusika, maana humo amehesabiwa hata mama aliyemzaa mtoto. Yeye hupangiwa saa. Ataingia saa tatu, atakamua maziwa, atatoka. Ataingia saa sita, atakamua, atatoka. Kati ya saa hizo mtoto ni wa hospitali, na mama ni mgeni anayengoja ruhusa kama wale wanaoleta uji na machungwa wakati wa kuona wagonjwa.

Nasema utaratibu huo ni mbaya. Nasema pia kwamba unaua, na neno hili la pili silisemi kwa hasira. Limepimwa, na miongoni mwa mahali lilipopimwa ni Dar es Salaam.

Lakini kwanza tuelewane juu ya mtoto mwenyewe. Mimba huchukua wiki 40 hivi, zikihesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Anayezaliwa kabla ya kutimia wiki 37 ndiye tunayemwita njiti, jina ambalo mimi sikulipenda tangu nilipolisikia. Njiti ni kile kijiti cha kiberiti: huwashwa mara moja, kikatupwa. Hata hivyo jina limekwisha zoeleka, magazeti yanalitumia na wakubwa wanalitumia, basi nami nitalitumia nikiwa nimenuna. Mwaka 2020 watoto wa namna hii waliozaliwa duniani walikuwa kama milioni 13.4, yaani karibu mmoja katika kila kumi. Si kioja, wala si mkosi wa ukoo wa mtu.

Njiti ana mwenziwe ambaye watu humchanganya naye. Huyu ametimiza miezi yake yote ila ametoka mdogo, kwa sababu hakushiba tumboni: pengine malaria ilijificha katika kondo la nyuma, pengine shinikizo la damu la mama lilibana njia ya chakula. Zamani hata waganga wa kizungu waliwatia wote wawili katika kapu moja. Daktari mmoja wa Finland, Arvo Ylppö, ndiye aliyeshikilia kipimo cha gramu 2500 mapema katika karne ya 20, na Shirika la Afya Duniani likakifuata mwaka 1948: aliye chini ya hapo amezaliwa kabla ya wakati, basi. Ilipofika 1961 wataalamu wa shirika hilo waliona kuwa si kila mdogo kawahi, wakaanza kusema "uzito pungufu". Nayataja haya kwa sababu mitaani kwetu bado tunaishi kabla ya 1961.

Sisi tukiona mtoto mdogo hatuulizi ana wiki ngapi. Tunauliza mama alifanya nini. Alibeba ndoo. Alipanda bodaboda. Alikula udongo, alikataa nyama, alimjibu vibaya mama mkwe, alitembea nje ya ndoa. Nimekwisha yasikia yote haya, tena mengi nimeyasikia kutoka kwa wanawake wenzangu waliozaa na kulea. Ukimuuliza daktari mwenye elimu yake atakutajia maambukizi, shinikizo la damu, mimba ya mapacha, mlango wa kizazi uliolegea. Na mara nyingi, akiwa mkweli, atakuambia kuwa sababu haikuonekana. Mwanamke wa watu amekaa na kidonda tumboni, maziwa hayajateremka, mtoto yuko kwenye mashine, na shemeji zake wamekaa barazani wanafanya upelelezi ambao madaktari wenyewe umewashinda.

Lawama ya nyumbani na mlango wa hospitali ni ndugu wa tumbo moja. Kule nyumbani mama ndiye aliyemwangusha mtoto. Huku hospitali mama ndiye mwenye uchafu na vidudu, atakayemletea mtoto maradhi. Pande zote mbili mtoto analindwa dhidi ya mama yake. Na pande zote mbili wamekosea.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, katika hospitali ya uzazi ya Instituto Materno Infantil mjini Bogotá, nchini Colombia, kulikuwa na msongamano ambao msomaji wa hapa hana haja ya kuelezwa. Mashine za joto hazikutosha, watoto walilazwa zaidi ya mmoja katika mashine moja, maambukizi yalipita kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, na baadhi ya mama, waliokwisha tengwa na watoto wao kwa siku nyingi, waliondoka wasirudi tena. Daktari Edgar Rey Sanabria, na baadaye mwenzake Héctor Martínez, wakamtoa mtoto katika mashine wakamweka kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, wakamfunga hapo kwa kitambaa usiku na mchana, akanyonya maziwa ya mama yake. Wakaiita njia ya kangaruu. Sisi tunaofunga watoto kwa kanga tangu enzi za bibi zetu tukafundishwa na watu wa Amerika ya Kusini, kwa jina la mnyama wa Australia. Haidhuru. Bibi zetu waliwafunga mgongoni, tena waliovaa nguo, na njiti wengi waliwafia.

Maana kifua kina kazi zake. Njiti hana mafuta chini ya ngozi. Joto linamtoka kama maji katika mtungi uliopasuka, na akipoa, kupumua kunalegea na sukari ya mwilini inashuka. Kifua cha mama kina joto lisilokatika umeme. Mtoto akisahau kuvuta pumzi, jambo ambalo njiti hulifanya mara kwa mara, yule anayemhisi kifuani hujua mara moja, akamgusa. Hawezi kunyonya vizuri mpaka afike wiki 34 hivi, kwa hiyo hulishwa kwa mpira au kikombe; lakini maziwa ya kukamua huja kwa wingi zaidi kwa mama aliye na mwanawe kuliko kwa mama aliyelala kwenye benchi. Na vidudu vya ngozi ya mama ni vile ambavyo maziwa yake yana kinga navyo. Vidudu vya wodi havina udugu na mtu.

Kwa miaka mingi njia hii ilihesabiwa kuwa dawa ya maskini. Ilikubaliwa, lakini kwa sharti: mtoto kwanza akae katika mashine mpaka atulie, apumue vizuri, aongezeke, kisha ndipo mama apewe. Yaani mama alipewa aliyekwisha pona. Wale wanaokufa, na njiti wengi hufa katika siku chache za mwanzo, walikufa kabla zamu ya mama haijafika.

Ndipo ukafanywa utafiti ambao ningependa kila mganga mkuu aubandike ofisini kwake. Shirika la Afya Duniani liliuratibu katika hospitali tano: Ghana, India, Malawi, Nigeria, na hapa kwetu Muhimbili. Watoto 3,211 wenye uzito wa gramu 1000 mpaka 1799 waligawanywa kwa kura. Kundi moja lilifuata desturi, mashine kwanza, mama baadaye. Kundi la pili liliwekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, na ili hilo liwezekane, mama aliwekewa kitanda ndani ya chumba kile kile cha watoto mahututi. Kama mama alikuwa hajiwezi, mwanamke mwingine wa jamaa alishika nafasi. Wale wa desturi walikaa kifuani, mle chumbani, kiasi cha saa moja na nusu kwa siku; wale wengine karibu saa 17. Katika siku 28 za mwanzo walikufa watoto 15.7 katika kila mia wa kundi la desturi, na 12.0 katika kila mia wa kundi la mama. Waliokuwa wakisimamia waliona si haki kuendelea kuwanyima nusu ya watoto, utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake, na matokeo yakatangazwa mwaka 2021. Kwa hesabu ya sokoni: katika kila watoto 27 waliowekwa kifuani mapema, mmoja zaidi alibaki hai.

Na yale maambukizi ambayo mama alisingiziwa? Yalikuwa machache katika kundi lake, 22.9 kwa mia, dhidi ya 27.8 katika kundi la desturi. Rudia kuisoma sentensi hiyo, ndugu msomaji, kisha uutazame tena ule mlango.

Sitaki kudanganya kwa kunyamaza. Utafiti mwingine ulifanywa Uganda katika hospitali tano, matokeo yakatolewa mwaka 2024, nao haukuonyesha tofauti ya kueleweka ya vifo katika siku saba za kwanza kati ya watoto waliowekwa kifuani kabla ya kutulia na wale waliongojewa. Wapo walioshangilia. Sioni walichoshangilia. Hata huko hapakuthibitika kwamba mama alileta madhara. Na maadamu hana madhara, nani ana haki ya kumweka nje? Anayetenga ndiye adaiwe ushahidi, asidaiwe anayetengwa.

Mpwa wangu, mtoto wa kaka yangu, alijifungua akiwa na wiki 31. Mtoto wa kiume, gramu 1350. Hospitali siitaji, kwa kuwa ningeitaja moja ningezionea nyingine kwa kuzinyamazia. Siku ya pili alipewa ruhusa ya kutoka, yeye, mtoto alibaki. Nyumbani ni mbali na nauli haikuwapo ya kwenda na kurudi kila baada ya saa tatu, kwa hiyo alilala barazani juu ya mkeka, pamoja na wenzake sita au saba wa hali ile ile, kila mmoja na chupa yake ya maziwa na kovu lake. Nilipofika aliniamkia, "Shikamoo shangazi," akataka kuinuka. Nikamwambia, "Marahaba mwanangu, kaa hivyo hivyo," maana mishono ilikuwa bado mibichi. Nilimwomba nesi wa zamu turuhusiwe kumweka mtoto kifuani, yeye au mimi, nioge, nivue, chochote. Nesi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa peke yake na watoto wengi kuliko vidole vyake vya mikono na miguu. Aliniambia, "Mama, hata mimi najua faida yake. Lakini atakaa wapi? Hata kiti sina." Siku ya kumi na moja mtoto alifariki kwa maambukizi.

Sidai kwamba mlango ndio uliomuua. Mtoto mmoja si ushahidi wa jambo, ndiyo sababu nimetaja kwanza wale elfu tatu. Ila nataka ijulikane kwamba katika siku kumi na moja mpwa wangu alimshika mwanawe mara nne, na mara ya nne alikuwa amekwisha poa. Msibani wakamuuliza alibeba nini wakati wa ujauzito.

Jibu la nesi lina uzito kuliko majibu ya wakubwa wake wote, na nitalirudia: atakaa wapi? Hapo ndipo penye tatizo, si katika sayansi. Kila mwaka, hasa ikikaribia Novemba 17, siku ya njiti duniani, huja msafara. Huja mfadhili, huja kamera, mashine mpya ya joto imefungwa utepe, utepe unakatwa, makofi. Mimi si adui wa mashine. Mtoto asiyeweza kupumua mwenyewe anahitaji mashine na wataalamu wa mashine, na hata katika utafiti ule wasioweza kupumua wenyewe baada ya saa moja hawakuingizwa. Lakini sijapata kuona utepe unakatwa kwa ajili ya kitanda cha mama. Kitanda hakipendezi pichani. Wala choo cha mama waliotoka kushonwa, wala sahani ya wali na maharage ya saa saba usiku kwa mwanamke anayekamua maziwa. Mashine ikiharibika huwekwa stoo kungoja fundi na kipuri, na kipuri hakiji. Kanga ikichakaa hununuliwa nyingine gulioni.

Huambiwa pia kwamba vyumba ni vidogo. Ni kweli ni vidogo. Lakini chumba kilichotosha mashine nane kilipimwa na mtu aliyeamua tangu mwanzo kwamba mama hamo. Tukijenga kipya leo kwa ramani ile ile, tutakuwa tumeamua tena.

Wapo marafiki zangu wa taaluma ambao huniasa: mama, usitupeleke mbio, tafiti hubadilika. Nakubali kwamba zipo hatari za kukimbia, na mfano mzuri ni ile sindano ya kukomaza mapafu anayochomwa mama anayekaribia kujifungua njiti. Liggins na Howie wa Auckland, New Zealand, walitangaza mwaka 1972 kuwa sindano hiyo inaokoa watoto, jambo ambalo Liggins aliliotea kwanza kwa wanakondoo. Mwaka 2015 yakatoka matokeo ya jaribio la kuisambaza sindano hiyo mpaka vituo vidogo katika nchi sita, Kenya na Zambia zikiwamo. Vifo vya watoto wachanga havikupungua, viliongezeka kidogo, na mama walioshukiwa kuwa na maambukizi waliongezeka pia. Wengi wa waliochomwa hawakujifungua njiti hata kidogo, kwa kuwa wiki zao zilikisiwa. Kisha mwaka 2020 utafiti mwingine wa nchi tano, Kenya ikiwa mojawapo tena, ulichagua hospitali zenye huduma ya kutosha na kupima wiki za mimba kwa picha, na kwa dawa ya jamii ile ile vifo vikashuka kutoka 23.5 kwa mia hadi 19.6. Kilichobadilika kati ya majaribio hayo mawili ni wiki zilizojulikana kwa hakika, na mtoto kupokewa na watu wenye uwezo wa kumtunza.

Lakini historia ya sindano hiyo ina ubavu wa pili ambao marafiki zangu hawautaji. Toka 1972 mpaka 1994, ndipo mkutano wa wataalamu wa Marekani ulipopendekeza rasmi kwamba wanawake wanaostahili wapewe. Miaka 22, na huko katikati majaribio mengine yalikuwa yakitoka yakielekea upande ule ule. Watoto waliokufa kwa kungojea hakuna aliyewawekea msiba, kwa sababu aliyeharakisha akakosea huitwa mbele ya baraza, aliyechelewa huitwa mwangalifu. Kwa suala letu Shirika la Afya Duniani lilikwisha toa mwongozo wake Novemba 2022: njiti na mwenye uzito pungufu awekwe kifuani mara anapozaliwa, mama na mtoto wasitenganishwe. Uangalifu gani mwingine unangojewa?

Sheria ya kazi ya nchi yetu imekwisha rekebishwa ili mwanamke aliyeajiriwa akijifungua njiti aongezewe siku za likizo, na waliopigania jambo hilo nawapa heko. Karani wa benki atapata siku za kukaa na mwanawe. Akae wapi, bado. Na muuza mihogo hana likizo ya kuongezewa. Yeye siku asiyokaanga, wakubwa wa mtoto hawali. Yeye ndiye anayehitaji dada, mama mdogo, shangazi, wifi, wa kupokezana naye kifua, na hao ndio mlinzi aliowekewa mlangoni kazi yake kuwarudisha. Baba pia ana kifua. Nimewaona wanaume wawili tu katika maisha yangu waliokaa hivyo, wote vijana, mmoja dereva wa lori, amejifunika shuka mpaka shingoni kwa haya, macho yake yako chini yanamtazama mtoto. Wauguzi walimcheka siku ya kwanza. Siku ya tatu walikuwa wakimpa watoto wa watu wengine awashike wakati mama zao wakienda kuoga.

Nimeandika barua kwa kamati ya hospitali ya kwetu. Sikuomba mashine. Nimeomba vitanda kumi ndani ya chumba cha watoto au, kama chumba hakitoshi, wabomoe ukuta wa ghala lililo ubavuni ambamo zimelala mashine tatu mbovu; kanga mbili kwa kila mama; chakula mara nne kwa siku; choo na maji ya moto; mizani ya gramu inayofanya kazi; na nesi wa pili wa usiku. Nimeomba tangazo la mlangoni libaki, ila liongezwe mstari unaosema mama wa mtoto anahusika. Barua nimeipeleka kwa mkono, ikapigwa muhuri wa kupokelewa, na nakala ninayo.